Nani Aliyemvua Nguo Maiti wa Muheza?

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita safari ya kutafuta mahindi ilinifikisha Litumbandyosi, katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Huko maji makubwa yanayojulikana ni ya Ziwa Nyasa. Bahari kwa wengi ni habari ya kusikia tu. Jioni nilipita penye kibanda umiza kinachotumia umeme wa jua, nikakuta vijana wamebanana wakitazama mchezo wa King Majuto na Sharo Milionea. Walikuwa wakiyasema maneno kabla waigizaji hawajayatamka. Mmoja wao, Mkristo kwa jina lake, alipoiona kofia yangu na kuisikia lafudhi yangu, akanipisha nikae. Akaniamkia shikamoo, kisha akauliza, bila kejeli yoyote: "Eti mzee, ni kweli watu wa kwenu Tanga walimvua nguo huyu kaka alipokufa?"

Nilimwambia nasikia adhana, nikainuka nikatoka. Hapakuwa na adhana.

Basi swali lile nililolikimbia nakuletea wewe, msomaji wa pwani, maana ni letu sote.

Huyo aliyeulizwa habari zake aliitwa Hussein Ramadhani Mkiety, mtoto wa Muheza. Aliigiza vichekesho, akarekodi nyimbo za Bongo Fleva, na jina la Sharo Milionea likafika mpaka kwa watu wasiojua Muheza iko upande gani. Mara nyingi alijifanya sharobaro, yaani kijana wa mjini mwenye madaha ya mwendo na maringo ya mavazi, anayejiona tajiri ilhali mfukoni hamna kitu. Mzee Majuto, naye mtu wa Tanga, alikuwa akimkabili kama mzee asiyetaka upuuzi, na hapo ndipo kicheko kilipozaliwa. Ukitazama sana utaona kijana yule alikuwa akiyacheka majivuno ya vijana wenziwe. Wapo waliomwiga maringo bila ya kuelewa kuwa wanachekwa, lakini hilo si kosa lake peke yake.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2012, akiwa hajatimiza miaka 30, alikuwa akiendesha gari lake kutoka Dar es Salaam kwenda kwao. Alikwisha pita Segera. Alipofika Maguzoni Songa, karibu kabisa na nyumbani, gari lilipinduka, naye akafa palepale. Hata hapo ni qadari, na kwa qadari hatuna la kusema ila Inna lillahi.

La kusema ni kwa yaliyofuata. Magazeti ya siku zile yaliandika kuwa waliomfikia mwanzo hawakumfunika. Walimpekua. Zikachukuliwa fedha, simu, vifaa vya gari, na nguo alizozivaa. Hawakuwa majambazi waliotoka mbali, maana gizani, katika dakika zile, anayefika mwanzo ni jirani wa barabara. Ni watu wanaokaa pale, wenye misikiti pale, na ambao wake zao huenda katika matanga ya wenzao.

Msomaji, wewe unajua namna tunavyomwosha maiti. Hata mwoshaji, aliyeruhusiwa na sheria, hutandika shuka baina ya kitovu na magoti, na mkono wake huuzungushia kitambaa usiguse tupu. Pazia hufungwa. Anayoyaona huko ndani huyaficha mpaka kaburini kwake mwenyewe. Sheria imemfanyia maiti heshima sawasawa na aliye hai. Huo ndio usitara tunaowafundisha watoto wetu chuoni. Sasa mtie mwoshaji huyo katika mizani moja na yule aliyeivuta suruali ya maiti barabarani, useme ni watu wa kijiji kimoja!

Na tuiangalie simu ile kidogo, kwa kuwa ndani yake mna fiqhi nzima. Mtu akishafariki, mali yake si yake tena. Hutolewa gharama za kumzikia, kisha madeni, kisha wasia, kinachobaki ni cha warithi. Mama hupata sudusi, au thuluthi ikiwa marehemu hakuacha mtoto wala ndugu wawili au zaidi. Kwa hiyo aliyechukua simu hakumwibia msanii. Msanii hana haja ya simu. Aliingia katika fungu la mama aliyefiwa. Hata kiokotwacho njiani, ambacho mwenyewe hajulikani, sheria yataka kitangazwe mwaka mzima. Sembuse hiki ambacho mwenyewe amelala pembeni yake na uso wake unajulikana nchi nzima?

Nimewasikia watu wazima, na baadhi yao wana vilemba, wakisema: "Ah, yule alikuwa mwimbaji na mcheza michezo, hayo ndiyo malipo yao." Subhanallah! Katika muziki wanazuoni wamehitilafiana tangu karne na karne, nami si mtu wa kuukata mzozo huo ukurasani. Lakini nitajie madhehebu yanayohitilafiana kuhusu kumwibia maiti. Hayapo. Tumeishikilia hitilafu tukaiachilia ijmai, kwa sababu hitilafu inatupa mtu wa kumnyooshea kidole, na ijmai inatunyooshea sisi. Kisha msemaji huyohuyo, nyumbani kwake watoto humcheka Sharo mpaka machozi, naye mwenyewe hukaa kibarazani akisikiliza kwa sikio moja.

Wengine watasema ni umaskini. Umaskini upo, siukatai. Lakini Litumbandyosi nako hawana magorofa. Nilirudi asubuhi yake kumtafuta kijana wangu, nikamkiri ya kwamba ni kweli. Akatikisa kichwa, akanena kwa uaminifu kuwa hata kwao lori likianguka watu hukimbia na ndoo na viroba. "Lakini maiti, mzee?" Hakumaliza.

Mimi naona mambo haya mawili hayatengani. Anayezoea ndoo ya lori ataizoea mifuko ya dereva. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, Idi ya kuchinja ikiwa i mlangoni, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Nchi ikaomboleza, na ilistahili. Ila ni khutba ngapi ulizozisikia Ijumaa iliyofuata zilizosema waziwazi kwamba yale mafuta yalikuwa na mwenyewe?

Tena usidhani mkono ulioiba ndio mkono pekee. Betri ya gari hailiwi, na redio ya gari haipikwi. Vitu hivi huchukuliwa kwa kuwa yupo anayenunua: mwenye gereji asiyeuliza, kijana anayefurahia simu ya bei ya kutupa, na baba yake anayeiona simu hiyo mezani akasema mashallah. Je, nyumbani kwako hakimo hata kimoja ambacho hukuuliza kilikotoka? Mimi nilikuwa nacho. Ni redio, niliinunua sokoni kwa nusu ya bei, na nyaya zake zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Nililiona hilo siku ileile, nikalipa.

Niliporudi kutoka Ruvuma niliipeleka kwa imamu wetu kuuliza la kufanya nayo, kwa kuwa mwenyewe simjui. Tulizungumza muda mrefu. Mwishowe msikiti wetu, ambao uko kando ya barabara kuu, umeweka sandukuni shuka mbili nyeupe na tochi, na vijana wanne wamepewa ufunguo. Ajali ikitokea, wa kwanza kufika wawe ni wao: mmoja afunike, mmoja amulike na kuwaita polisi, na wawili wasimame mlangoni mwa gari mpaka askari wafike. Kutoka Segera hadi Tanga misikiti ya kandokando ya barabara ni mingi. Muulize imamu wako kama sanduku lake lina shuka.