Mwandishi na mlango wake

Naandika haya nikiwa Durban, si mbali na msikiti wa Juma, pale mtaa uliokuwa ukiitwa Grey Street. Nimekuja kwa harusi ya jamaa, lakini mji huu humvuta mtu kwenye vitabu hata kama hakukusudia. UNESCO iliutambua mwaka 2017 kuwa Mji wa Fasihi, wa kwanza Afrika, na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kimekuwa kikifanya tamasha la waandishi, Time of the Writer, tangu 1998. Huko Florida Road kuna duka la vitabu vya zamani, Ike's, ambalo waandishi wanaopita hutia saini zao ukutani. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikamkumbuka shangazi yangu wa Maskat.

Shangazi aliandika Facebook kwa miaka sita, kila usiku wa Ijumaa. Utoto wake Malindi ya Unguja, skuli, kisha 1964 na safari ya jahazi, kisha Maskat ya miaka ya sabini ambapo ilibidi ajifunze upya hata kununua samaki. Watu wakimsubiri, wengine wakimpigia simu akichelewa. Siku moja akaunti ikafungwa. Mpaka leo hatujui kosa lake. Namba aliyojisajilia ilikuwa ya simu aliyokwisha kuitupa, na nakala hakuweka popote.

Baada ya miezi, vipande vyake vikaanza kurudi. Vilirudi kwenye WhatsApp ya ukoo, vimeshapita mikono mia, bila ya jina lake. Kimoja kilikuwa na jina la bwana mmoja tusiyemjua. Shangazi alicheka, halafu akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, kwenye jahazi lile nilikuwamo mimi. Yeye hakuwamo."

Ndiyo maana nawaambia wazee wetu wanaoandika, na vijana pia: fungueni tovuti zenu wenyewe. Sisemi muache Facebook. Kule ndiko sokoni, na mwenye bidhaa lazima aende sokoni. Lakini hakuna anayelala sokoni, wala kuweka hati za nyumba yake pale.

Faida ya kwanza ni ndogo na ndiyo kubwa: watu wajue wapi pa kukupata. Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel, Oktoba 2021, vitabu vyake viliadimika madukani kwa muda, na tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ikatoka mwaka uliofuata kwa Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Gurnah ana wachapishaji wa kumsemea. Sasa mfikirie maalim aliyechapisha nakala mia tatu kwa fedha zake, ziko makasha chini ya kitanda Al Khoudh. Msomaji aliyeko Mombasa au Toronto ataulizia kwa nani? Mtafsiri anayetaka ruhusa, mtayarishaji wa tamasha kama hili la Durban anayetafuta mwandishi wa Kiswahili, wote huanza kwa kulitafuta jina kwenye intaneti. Wakikuta ukurasa mmoja tu wenye jina, orodha ya vitabu, sura moja ya kuonja, namna ya kununua na anwani ya barua pepe, basi yatosha. Hapana haja ya mapambo.

Na ukikosea tarehe au jina la mtu, unasahihisha pale pale, na anayekuja kesho anakuta lililo sahihi. Ujumbe uliokwisha kusambaa, nani ataufuata?

Tahadhari moja tu, nayo nimeiona ikiharibu mengi. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwandishi, si la mpwa aliyesaidia. Mpwa huoa, huhama, husahau kulipa ada ya mwaka, na jina linachukuliwa na mwengine. Neno la siri walijue watu wawili, na maandishi yote yawe na nakala nyumbani. Mwandishi akifariki, warithi wajue wapi pa kuanzia.

Mji huu unanifundisha jambo jengine. Hapa Durban wapo watu waitwao Wazanzibari. Mababu zao ni watumwa waliokombolewa na manowari za Waingereza na kuanza kuletwa hapa mwaka 1873, wengi wao asili yao Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Jina hilo waliandikiwa na maafisa. Wakakaa King's Rest, kule Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth, baada ya kuwaweka kwenye daftari la "Waasia wengine". Kwetu Ghuba khabari hizi husemwa kwa sauti ya chini, na sababu tunaijua. Lakini tazama: miaka mingi, waliyemuona Wazanzibari hawa kwenye makaratasi ni karani. Sauti ya bibi yao haikuwamo.

Shangazi ameanza upya, kwa jina lake, kwenye tovuti yake. Binti yake anachapa, yeye anasoma kwa sauti na kugombana naye juu ya nukta. Wamekusanya vipande kumi na viwili. Bado hatujakipata kile cha jahazi na kasuku wa nahodha. Ikiwa kimo kwenye simu yako, hata kwa jina la yule bwana, tuletee.