Mwalo Mmoja, Mitumbwi Mingi

Alfajiri mwaloni Rumonge, mitumbwi inatua na ndagala zake. Hakuna atakayesema hiyo yote ni mali ya mtu mmoja kwa sababu tu imetua mwalo mmoja. Kosa hilo, ambalo mtoto wa Rumonge hawezi kulifanya, watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vya intaneti wanalifanya kila siku, na anayelipia ni sisi.

Chukua taa za Philips Hue. Kisanduku kinachoziunganisha na ruta huripoti kwa seva ya kampuni: nimetokea anwani fulani ya intaneti, na humu ndani namba yangu ni hii. Simu ikitafuta taa, mojawapo ya njia zake ni kuiuliza seva hiyo ni visanduku gani vimetokea anwani ileile. Kwa nyumba ya Eindhoven, kwao taa hizo, yenye anwani yake, sawa. Lakini pwani yetu, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac? Mitandao ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani chache. Starlink, iliyofika Burundi mwaka 2024, huwapanga vivyo hivyo wateja wake wa kawaida.

Basi seva inatuona sote familia moja. Simu yako inaletewa kisanduku cha mtu usiyemjua, chenye namba 192.168.1.7. Inabisha hodi kwenye namba hiyo ndani ya nyumba yako, inakuta kimya, au inakuta televisheni yako. Unarudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa. Mgeni hawezi kuwasha taa zako, kwa kuwa namba hiyo haifanyi kazi nje ya nyumba yako, na hata aliyemo ndani sharti kwanza abonyeze kitufe kwa mkono kwenye kisanduku. Mimi simsifu fundi aliyeacha mlango wazi akategemea komeo la chumbani.

Uhaba huu wa anwani una historia, na hapo ndipo damu inanichemka. Anwani hizo, za mfumo wa IPv4, ziliwekewa kanuni mwaka 1981, hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na Afrika ilifika karamuni sahani zikiwa zinafutwa. AFRINIC, msajili wa anwani za bara letu, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Mwaka 2019 ikafichuka kwamba anwani zaidi ya milioni 4 za Afrika zilikuwa zimechotwa kwa hila. Na tangu Januari 2020, mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Elfu moja na ishirini na nne! Haitoshi hata mtaa.

Dawa ipo tangu miaka ya 1990: IPv6, yenye anwani za kumtosha kila mtu na kila taa yake. Basi ARCT, wadhibiti wetu wa mawasiliano, iandike ndani ya leseni kwamba kila mteja apewe IPv6, na iweke tarehe. Na watengenezaji waache kuhesabu nyumba kwa anwani ya nje. Kifaa kijitangaze ndani ya Wi-Fi ya nyumba ambamo kimo; teknolojia hiyo wanayo. Kikishindwa, nisome kwa simu alama iliyobandikwa mgongoni mwake.

Nanyi wenye maduka hapa Rumonge, kabla ya kuagiza katoni nyingine ya kamera na taa, mwulizeni anayewauzia: simu itakipataje kifaa hiki seva ikiwa haipo? Akibabaika, msitoe hata faranga moja.