Mcheri Hapana, Mkwaju Ndiyo
Mwenye hamu ya kukuza mcheri wa Kijapani kama bonsai hapa Tabora ajue mapema: majani huenda akayapata, maua asahau. Mti ule hudai mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7, na sisi, pamoja na mita zetu 1,200 hivi juu ya bahari, hata usiku wa Julai hatufiki huko. Mkwaju je? Vijani vyake ni vidogo, gome huzeeka vizuri, kiangazi haukiogopi. Loweka mbegu usiku kucha, tafuta chungu chenye matundu, changanya udongo na mchanga wa mto. Kila baada ya miaka miwili mitatu, mvua za Novemba zikikaribia, utoe, punguza mizizi, urudishe. Na usiufungie sebuleni (wengi hupenda kuonyesha wageni). Bila jua hunyong'onyea. Na kwa anayeuliza kama miembe, ile inayohusishwa na misafara ya kale ya biashara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, nayo yafaa kwa bonsai, jibu langu ni fupi: majani yake ni makubwa mno kwa chungu kidogo. Iacheni ardhini, na mkazi wa Kwihara, hapa jirani, asiikate kwa ajili ya mkaa.