Kaizari Kafasiriwa, Chupa Bado

Wako wenzetu katika vyuo vikuu, watu wa elimu na heshima, wasemao kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya ushairi na ya salamu, walakini haina kifua cha kubeba sayansi. Maneno haya husemwa kwa sauti ya huruma, kama mtu amsifuye mtoto kwa kuimba vizuri huku akimnyima mzigo wa watu wazima. Nimeyasikia mikutanoni mara nyingi, na kila mara niliyajibu kama tulivyozoea kuyajibu sisi walimu wa Kiswahili: kwa kutaja kamusi, kwa kuhesabu istilahi na kwa kukumbusha tarehe. Leo sitayajibu hivyo. Nitayajibu kwa kofia moja iliyotengenezwa nyumbani kwetu Kichiwa, na kwa tone moja lililotoka katika chupa isiyokuwa na neno hata moja la Kiswahili. Wala msomaji asidhani kwamba shoka langu limewaelekea wenzetu hao peke yao. Sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi.

Nilikwenda Kichiwa mwezi wa Julai, siku chache baada ya kutoka katika sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo, tarehe 7 Julai, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021, na tangu hapo huiadhimisha kwa hotuba, ngoma na fulana. Anayezijua nyanda za juu za Njombe hahitaji kuambiwa baridi ya Julai ilivyo. Nilimkuta mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu, ameinama nyuma ya jiko, mikono yake imejaa udongo hata viwikoni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Unafinyanga chungu?”

“Si chungu, shangazi. Ni kichwa cha Mrumi.”

Shuleni kwao walikuwa wakijitayarisha kuigiza “Juliasi Kaizari”, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969. Kijana wetu alikuwa askari katika vita vya Filipi, na askari wa Kirumi hawezi kupanda jukwaani amevaa kofia ya sufu. Basi alijitengenezea kofia yake. Alikuwa amesimama siku nyingi penye banda la fundi mmoja wa Makambako azibaye bampa za magari zilizopasuka, akatazama, akauliza, akashika.

Kazi yake ilikuwa ya akili. Alifinyanga umbo la kofia kwa udongo juu ya beseni lililofudikizwa. Akalifunika kwa plasta katika vipande viwili, plasta ilipokauka akautoa udongo, akabaki na kalibu. Ndani ya kalibu akapaka nta ili kitu kisigande. Kisha akalaza vipande vya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshonana kama blanketi, akivilowesha kwa rezini kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Shungi la juu alikusudia kulifanya kwa katani iliyotiwa rangi nyekundu. Nilipoona hayo nilifurahi. Wamakonde wa kusini wamechonga vinyago vya kuvikwa kichwani kama kofia tangu zamani, vile wanavyoviita mapiko, wakavitia nywele za watu na nta ya nyuki. Na aliyejifunza kuchonga lipiko alielezwa kila hatari ya patasi yake kwa lugha aliyonyonya kwa mama. Nilidhani kwamba kijana wetu naye amerithi bahati hiyo. Nilikosea.

Rezini haigandi yenyewe. Hutiwa hadina kidogo, na hiyo hadina huwasha ndani yake mwendo wa kikemia ambao huigandisha na kutoa joto. Penye baridi mwendo huo hupoa. Kofia ya kijana ilikesha usiku mzima bila kukauka, nayo maonyesho yalikuwa yamekaribia. Akafanya mambo mawili ambayo kila mtu mwenye akili angeyafanya kama hakuonywa. La kwanza, alikoroga tabaka la mwisho, robo lita ya rezini, akaitia hadina vifuniko vitatu vya chupa ya soda, yaani zaidi ya gramu 10 mahali palipotaka gramu 3, 4 au 5. La pili, alifunga madirisha akaingiza chumbani jiko la mkaa.

Msomaji na aelewe alichokuwa amekitega. Rezini ya namna hii hutoa mvuke wenye harufu kali, uitwao stireni, nao huwaka moto. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa nao hutoa hewa isiyoonekana wala kunusika, nayo huua waliolala. Mwenyezi Mungu alitangulia: kopo lilianza kufuka moshi mikononi mwake, akatoka nalo mbio nje. Sehemu aliyokwisha kuipaka ilipata moto kupita kiasi, ikapasuka kutoka utosini hadi kwenye paji la uso.

Kesho yake akaanza kuitengeneza. Alikwangua kwa msasa upande wa ndani, kandokando ya ufa, ili rezini mpya ipate kushika. Akakata kiraka cha faiba kipana kuliko ufa. Upande wa nje akakusudia kuujaza kwa puti na kuusawazisha. Yote hayo ni sawa, na fundi yeyote angeyasifu. Kisha akataka kufungua chupa ya hadina. Kifuniko kilikaza. Alikichokonoa kwa ncha ya kisu, kikafunguka ghafula, na tone likaruka likamwingia katika jicho la kushoto.

Bibi yake alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Mama yake akasema asiguswe. Mimi, ambaye watu wa Kichiwa huniita daktari kwa ajili ya shahada niliyoipata kwa kuandika juu ya tamathali za usemi, nilisimama na tamathali zangu zote, nisijue la kufanya. Niliiokota chupa. Ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na yalisema waziwazi kwamba jicho lioshwe kwa maji. Nikapaza sauti: “Maji! Maji matupu, mengi, wala yasikatike!” Tulimwagia ndoo nne, kope zake zikishikwa wazi, tukampakia katika gari kumpeleka hospitali. Jicho lilibaki jekundu kwa siku kadhaa, kisha likapona. Tabibu aliyempokea alisema kwamba maji yale ya kwanza ndiyo yaliyoliokoa, na kwamba hadina ikiachwa humpofusha mtu.

Nimeyatafakari hayo mara nyingi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, pengine sijafanya kazi yenye manufaa kuliko kufasiri sentensi ile moja uani kwa kaka yangu. Na kama nisingalikuwapo siku hiyo? Kijana amesoma Kiingereza miaka mingi, nacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari; nilipomwuliza kama aliisoma chupa, alisema aliitazama. Aliona picha ya matone yakidondoka juu ya mkono. Picha ile huonya kwamba kitu hiki huunguza na kula ngozi. Yeye aliielewa kuwa hadina hutiwa kwa matone.

Nilimwuliza tena: “Hukuiogopa rezini yenyewe?” Alinijibu kwamba hakuiogopa, kwa kuwa alikwisha kuambiwa kwamba rezini maana yake ni utomvu, na utomvu anaujua. Hapo niliona haya kwa niaba ya taaluma yetu. Katika misitu ya misindano ya nyanda hizi, ile ambayo wengi huiita mipaini, utomvu hugemwa kwa kuchanja gome na kutega mfuko. Ni mali ya mti, nao hutoa tapentaini na gundi ngumu itumikayo viwandani. Rezini ya kopo hutoka viwandani, na asili yake zaidi ni mafuta ya petroli. Mtu aliyekaa mezani akaviita vitu hivi viwili jina moja, kisha akaona amelitajirisha kabati la istilahi, amemfumba kijana macho kabla hadina haijamfikia. Mafundi wa Makambako, ambao hawajaitwa katika kikao chochote cha istilahi, husema rezini, hadina, faiba, puti, na kila neno lina kitu chake. Wao wameshajenga lugha. Sisi tungali twagombania msingi.

Sasa nawarudia wenzetu wa kifua cha lugha. Wanasema maonyo kama haya hayawezi kuandikwa kwa Kiswahili. Basi nayaandika hapa hapa, mbele ya macho yao.

Hii ni rezini ya kiwandani. Si utomvu wa mti. Ifanyie kazi mahali penye upepo, mbali na moto, jiko na sigara. Vaa miwani ya kukinga macho na glovu kabla ya kufungua hadina, wala usiifungue kwa kisu. Katika gramu 100 za rezini tia gramu 1 hadi 2 za hadina, usizidishe hata kukiwa na baridi. Ngojea siku yenye jua. Pima kwa mizani au kwa bomba la sindano, usipime kwa kifuniko. Ukiuziwa pia chupa ya kichapuzi, kiwe kimekwisha kuchanganywa na rezini kabla ya kutia hadina. Hadina na kichapuzi vikikutana vyenyewe vyaweza kulipuka. Koroga kidogo kidogo, kadiri utakayoimaliza kabla haijaganda. Kopo likianza kufuka, liweke nje, mbali na vitu viwakavyo, wala usiliinamie. Hadina ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi yasiyokatika kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usitie maziwa wala mafuta. Ukipiga msasa, vaa barakoa, maana vumbi la nyuzi za kioo halifai kuvutwa. Na kofia hii ni ya mchezo: usiivae juu ya pikipiki, haitakuokoa.

Nauliza: ni neno gani hapa lililokivunja kifua cha Kiswahili? Labda “kichapuzi” litahitaji kuelezwa mara moja. Mengine yote yako sokoni. Ati ipo hoja kwamba wakemia wa dunia husoma Kiingereza. Na wasome. Kijana wa Kichiwa si mkemia wa dunia. Ni mtu mwenye macho mawili. Ipo hoja ya pili, kwamba jambo lenyewe ni la mchezo wa watoto. Waliosema hivyo wapite Makambako wawatazame mafundi, watu wazima wenye jamaa za kulisha, wakivuta mvuke huo huo kila siku ili magari yetu yapendeze. Na mkulima wa viazi wa Njombe hukuta maelezo ya Kiswahili katika dawa nyingi za kunyunyizia anunuazo. Lililowezekana kwa ukungu wa viazi litashindikanaje kwa jicho la mtu?

Nimesema kwamba lawama kubwa ni yetu. Tumekuwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hizo naziheshimu, na waliozitenda walitenda kwa dhiki. Walakini sisi warithi tumezifanya medali za kifuani. Kila mwaka wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya tamathali katika riwaya zile zile, nami nimo katika wanaozisimamia na kuzipa alama. Hakuna niliyepata kumtuma banda la fundi aandike kwa Kiswahili safi namna kazi inavyotendeka na namna inavyoweza kumdhuru mtendaji. Twasema lugha inatosha, lakini hatuitumi kazi. Nasi twastaajabu watu wakiidhani goigoi.

Nataka mambo mawili, wala si makubwa. La kwanza, wenye mamlaka ya viwango wasiruhusu chupa yenye kitu cha kupofusha iuzwe rejareja nchini ikiwa haina maonyo ya Kiswahili. Karatasi moja ya kubandika yatosha. La pili, kila idara ya Kiswahili ichukue kila mwaka ufundi mmoja, mwalimu wa lugha akae na mkemia na fundi, waandike kijitabu, nacho kisomwe kwanza na kijana wa kidato cha tatu, asipoelewa, kirudishwe. Idara yangu nimeiandikia barua, na wanafunzi wawili wamekwisha kukubali kuanza na rezini. Maji tuliyoyavulia nguo hatuna budi kuyaoga.

Tamthilia ilichezwa. Kofia ilikuwa na kiraka ndani, na aliyekaa mbele aliweza kuuona ufa chini ya rangi. Askari wetu alisimama Filipi, jicho la kushoto lingali jekundu kidogo, akayasema maneno yake kwa Kiswahili, na watu wa Kichiwa, wazee kwa watoto, waliyafahamu yote. Ile chupa ninayo mezani kwangu ninapoandika haya, imekwisha kuoshwa. Nimeibandika karatasi yenye maneno niliyoyaandika hapo juu, nayo imeenea vizuri.