Same Mashariki: Ubia wa Kura Hufungwa Mapema

Wengi waliliona Same Mashariki, jimbo la tangawizi, kuwa mali ya CCM isiyoshuka thamani. Mwaka 2015 likamwangusha Anne Kilango Malecela na kumpa kiti Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA.

CHADEMA haikuwa peke yake. CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa nayo ndani ya UKAWA, kwa makubaliano ya kuachiana majimbo. Huko Ugiriki vyama huweza kujadiliana serikali baada ya kura kuhesabiwa. Tanzania anayeongoza, hata kwa kura moja, huondoka na jimbo. Ubia wa kuchelewa hauna mnunuzi.

Mwaka 2020 UKAWA haikuwapo tena. Kilango akakitwaa tena kiti cha jimbo, katika uchaguzi ambao CHADEMA iliyakataa matokeo yake. Mwaka 2025 CHADEMA haikushiriki kabisa.

Mfanyabiashara wa tangawizi asidhani hayamhusu. Penye mnunuzi mmoja mkulima hupokea bei anayopewa, na penye chama kimoja barabara ya Mamba Myamba husubiri zamu. Kuelekea 2030, mwenye mtaji milimani asihesabu umati mikutanoni; aangalie ni chama gani cha upinzani kitakachokubali kumwachia mwenzake jimbo.