Ndege za Mfano Zastahili Picha Safi

Katika nchi ya chai, tangu Kericho hata Bomet, wapo vijana ambao kwa waya, mabati ya makopo, mbao laini na gundi huunda ndege za mfano zenye mabawa, magurudumu na rafadha zizungukazo. Na aghalabu kazi hiyo, iliyomgharimu mwenyewe subira ya majuma mengi, huwafikia watu wa mbali kwa njia ya picha moja ya simu iliyopigwa kwa pupa, pua ya ndege ikiwa imevimba na mkia umepotelea katika ukungu. Picha ya namna hiyo naihesabu kuwa ni dhuluma kwa fundi, na kuiepuka ni elimu ambayo shule na vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili vina wajibu wa kuitoa, maadamu haihitaji mali nyingi.

Wapo watakaonena kwamba haya ni mambo ya watoto. Mwaka 1942 jeshi la wanamaji la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule wachonge ndege za mbao 500,000, kila moja ikiwa imepunguzwa mara 72, ili askari wajizoeze kutambua ndege za rafiki na za adui. Na wakubwa wa vita hawakuiona kazi hiyo kuwa mchezo. Nasi tunayo haja yetu. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946, lilipata ndege tano za Super VC10 kuanzia mwaka 1966. Moja iliteketea Addis Ababa mwaka 1972, shirika lenyewe likavunjika mwaka 1977, na nne zilizosalia zikaishia katika jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa za kuzijazia nyingine mafuta angani. Kijana wa leo atakaye kuiona ndege hiyo ikiwa na rangi za shirika letu hana budi kuiunda mwenyewe, na akiisha kuiunda, picha ndiyo itakayowafikishia wenziwe.

Kadiri lenzi ikaribiavyo kitu, ndivyo sehemu ionekanayo dhahiri, mbele na nyuma ya pale ilipolengwa, izidivyo kuwa nyembamba. Tufanye hesabu: ukisimama sentimita 36 kutoka ndege iliyopunguzwa mara 72, ni kana kwamba umesimama mita 26 kutoka ndege ya kweli, na mtu asimamaye mbali hivyo uwanjani huiona ndege nzima bila ukungu, toka pua hata mkia. Kwa hiyo mkia uliofifia humfichulia mtazamaji papo hapo kwamba anatazama kitu kidogo. Dawa yake ni kurudi nyuma, kutumia lenzi ya simu ivutayo kwa mbali, kisha kukata kingo za picha. Na pua, ambayo huvimba kwa sababu ya ukaribu, nayo itarudia umbo lake. Mwenye kamera na apunguze kitundu cha lenzi hadi f/11 au f/16, asizidi mno, kwa kuwa kitundu kidogo kupita kiasi nacho huipunguzia picha ukali. Na kwa kuwa mwanga uingiao utakuwa haba, aiweke kamera juu ya kitu imara na kuiacha ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili.

Kisha ashuke. Mtu wa kimo cha sentimita 170, akipunguzwa mara 72, huwa na sentimita 2.4 tu, basi lenzi yapasa kukaribia ardhi kiasi hicho, na simu nyingi zaweza kufika huko zikigeuzwa juu chini. Picha nyingi nizionazo zimepigwa toka juu, kama atazamavyo mtu kitu kilichomwangukia mezani, na jambo hili hunisikitisha kuliko kosa jingine lolote, kwa kuwa laondolewa bila gharama yoyote.

Kwa upande wa nuru, Mola ameijalia Kericho neema. Mawingu yale meupe yatangazayo mvua ya alasiri, na mara nyingi mvua ya mawe imchukizayo mkulima, huilainisha mionzi ya jua, yakafuta vivuli vikali chini ya mabawa na kuondoa mng'ao wa rangi. Taa ya simu na izimwe kabisa. Na vilima vya chai vilivyochumwa sawasawa huwa mandhari adhimu, sharti viwe mbali: jani la chai la sentimita tano likikaa kando ya gurudumu lingehesabiwa kuwa na urefu wa mita 3.6, na hadaa yote ingebatilika. Weka ndege juu ya ubao ukingoni mwa mteremko, kilima kiwe ng'ambo ya bonde.

Waalimu wanaowaandaa wanafunzi kwa maonyesho ya sayansi nawaomba wautenge mchana mmoja wa mawingu kwa kazi hii, kila ndege ipigwe kwa ubavu, kwa mbele na kwa pembe, na picha moja zaidi ipigwe pamoja na rula. Kisha chini yake liandikwe jina la aliyeiunda, kipimo alichotumia, na vitu alivyoiundia.