Dawa Kali Siyo Kila Mara Dawa Bora

Ndugu wa wagonjwa huniuliza mara nyingi: "Sista, mbona hamumpi ile dawa kali kabisa?"

Mgonjwa mwenyewe amefika kifua kikimbana, jasho likimtoka, maumivu yakienda hadi mkono au taya. Mara nyingi donge la damu limeziba, au linakaribia kuziba, mshipa unaolisha moyo. Kwa hiyo hupewa dawa za kuzuia damu isigande.

Ya kwanza ni aspirini. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, kwa wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Kisha mara nyingi huongezwa sindano, na hapo ndipo penye kuchagua. Damu iliyozuiwa kuganda moyoni yaweza kuvuja tumboni au kichwani.

Mwaka 2006 utafiti wa OASIS-5 ulilinganisha sindano mbili, enoksaparini na fondaparinaksi, kwa wagonjwa 20,078 ambao wengi wao mshipa ulikuwa haujaziba kabisa. Kwa siku tisa za mwanzo zililinda moyo karibu sawasawa. Lakini katika kila wagonjwa 1,000, waliovuja damu vibaya walikuwa 41 kwa enoksaparini na 22 kwa fondaparinaksi. Hadi siku ya 30, waliofariki walikuwa 35 kwa ile ya kwanza na 29 kwa ya pili.

Kwa maoni yangu, fundisho ni hili: kutovuja damu nako ni kupona, hasa mahali ambapo damu ya kuongezewa ni haba. Hata hivyo hakuna dawa ya watu wote. Fondaparinaksi haifai kwa mwenye figo dhaifu sana, na anayekwenda kuzibuliwa mshipa huhitaji heparini pia.

Basi, ndugu zangu, msimshinikize daktari atoe dawa kali. Msaidieni achague vema. Mwambieni kama mgonjwa ana vidonda vya tumbo, amepata choo cheusi, ana ugonjwa wa figo, au amewahi kupata kiharusi. Leteni dawa zote anazotumia, za maumivu na za mitishamba pia. Msione haya, hatutamgombeza mtu.

Zaidi ya yote, msingoje kupambazuke. Kifua kikibana, njooni usiku huo huo.